Kikohozi Katika Wimbo wa Kumi na Moja

Lifti ya jengo la kina Vukan ilikuwa imekufa tangu kiangazi, kwa hiyo Senka alipanda kwa miguu, chupa ya mvinyo kwapani, na kila ghorofa alijiambia kwamba bado anaweza kugeuka akarudi kwao. Alijiambia ghorofa ya kwanza, akajiambia ya pili. Ya tatu alisimama kabisa, akashika reli, akamtazama Vukan aliyekuwa ametangulia ngazi tatu mbele.

"Nini tena?" Vukan akauliza. "Umechoka?"

"Viatu vinabana."

Uongo mtupu. Viatu vilikuwa vimemkaa vizuri sana. Kilichombana kilikuwa kifuani, na alikuwa amekibeba wiki ya tano sasa.

Vukan akashuka zile ngazi tatu, akamshika mkono. "Mama wee, mkono wa baridi hivi! Sikiliza, mama yangu hang'ati. Anayeng'ata ni Shangazi Persida, na yeye meno yamebaki machache."

Senka alicheka kidogo kwa adabu. Vukan alikuwa akimtazama kwa yale macho yake ya kahawia, ya mtu asiyeficha kitu, na hayo macho ndiyo yaliyokuwa yakimuua. Angekuwa mwanamume wa kona kona, mwenye siri zake na mambo yake, labda ingekuwa rahisi.

Ilikuwa Jumapili mchana, siku ya Đurđic, slava ya ukoo wao, yaani siku ya mtakatifu wanayerithishana baba kwa mwana. Kwenye slava haalikwi mtu. Anayeijua nyumba huja, anayekuja hulishwa, na hakuna mwenye mdomo wa kumwambia mgeni wa siku hiyo toka. Ndivyo ilivyo Novi Sad nzima, na ndivyo Senka alivyolelewa kwao pia. Kwa hiyo hofu yake haikuwa ya kufika mahali asipoalikwa. Hofu yake ilikuwa na jina kamili, na jina lenyewe lilikuwa Sikio Kavu.

Mchana Senka aliuza dawa kwenye duka la dawa karibu na soko la samaki. Lakini kwa miaka sita alikuwa akiandika mtandaoni maoni yake juu ya muziki wa gemu, ule muziki wa kompyuta na vinanda vya umeme, na aliandika kwa jina la Sikio Kavu. Maelfu walimsoma. Walimpenda kwa sababu hakumpaka mtu mafuta. Majira ya baridi yaliyopita, waliotengeneza gemu iitwayo Kituo cha Tisa waliwatumia wachambuzi sita nyimbo zote kumi na nne kabla gemu haijatoka. Mtunzi alijiita Mraba tu, hakuna aliyemjua. Senka alikaa siku mbili na spika zake za masikioni, akaandika hukumu kumi na nne. Nyingine alizisifu. Ya kumi na moja aliiponda vibaya.

Miezi mitatu baadaye mwanamume mmoja mrefu aliingia dukani akitafuta dawa ya sikio. Wakabishana juu ya namna ya kulaza kichwa wakati wa kuweka matone. Wakanywa kahawa. Wakapendana, tena si kidogo. Na wiki tano zilizopita, wamekaa kwenye benchi ukingoni mwa Danubi, huyo mwanamume alimchomeka spika moja sikioni na kumnong'oneza, "Huyu Mraba, ni mimi."

Hapo ndipo Senka alipaswa kusema. Hakusema. Alisema, "Usinitanie," akacheka, na tangu siku ile kila asubuhi aliamka akiwa na hofu mpya juu ya ile ya jana.

"Leo kuna jambo," Vukan akasema, wakiendelea kupanda. "Nyumbani hapajalia muziki tangu Baba afariki. Sasa mwaka umepita na zaidi, Mama ameomba mwenyewe niupige wimbo wangu mmoja baada ya chakula. Ameomba wa kumi na moja."

Senka alikosa ngazi. Chupa ikagonga reli. "Kwa nini huo?"

"Utasikia mwenyewe." Akambusu kwenye paji la uso. "Usijali. Sikio Kavu hajaalikwa."

"Kwenye slava haalikwi mtu," Senka akasema, na sauti ilimtoka ndogo sana. Vukan aliona ni utani. Akacheka mpaka mlangoni.

*

Mama Radojka alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa mwanamke mfupi, mgongo umenyooka, gauni la kijivu na nywele zimebanwa nyuma bila unywele mmoja kuponyoka. Alimtazama Senka kuanzia juu hadi chini, akarudi juu.

"Heri ya slava, mama," Senka akasema, akatoa chupa.

"Asante, binti. Karibu. Kula žito kwanza."

Bakuli la ngano ya kuchemsha, iliyosagwa na lozi na sukari, lilikuwa kwenye meza ndogo pale pale mlangoni, vijiko safi pembeni, na bilauri ya maji ya kutumbukizia vijiko vilivyotumika. Mtoto wa miaka minne analijua hilo. Senka alijichora msalaba, akachota kijiko kimoja, akameza, na bila kufikiri akakirudisha kijiko chake alichokilamba katikati ya vile safi.

"Hee!" sauti ikapaa kutoka sebuleni. "Huyu kalelewa wapi?"

Huyo ndiye alikuwa Shangazi Persida, dada wa marehemu, ameketi kichwani mwa meza na shali mabegani. Mbele yake mshumaa mrefu wa slava ulikuwa unawaka kando ya mkate mkubwa uliopambwa.

"Wifi, mwache mtoto apumue," Radojka akasema, akakitoa kile kijiko na kukitumbukiza majini. Lakini alimtupia Senka jicho jingine, refu kidogo kuliko lile la kwanza.

"Na fungeni lile dirisha la jikoni!" Persida akaendelea. "Upepo unapita hapa moja kwa moja shingoni. Tiho aliugua kwa upepo kama huu huu."

"Shangazi, Baba aliugua mapafu miaka minne."

"Na mapafu yanaingia nini? Si upepo?"

Vukan akamkonyeza Senka. Wakati mwingine wowote Senka angekufa kwa kicheko. Leo aliona ukutani picha ya marehemu Tihomir, mwanamume mwenye masharubu na macho ya kahawia yale yale, akainamisha kichwa haraka.

Chakula kilikuja kwa mfululizo wa nyumba inayojua kazi yake: supu, kisha sarma, zile nyama zilizoviringishwa kwenye majani ya kabichi kali, kisha nguruwe wa kuoka. Senka alikula bila kuonja. Persida alimhoji kama karani wa polisi. Kwao wapi? Zrenjanin. Baba anafanya nini? Fundi wa mabomba. Ameshawahi kuolewa? Hapana. Mbona hapana?

"Alikuwa ananisubiri mimi, Shangazi," Vukan akadakia.

"Sikukuuliza wewe. Na wewe nawe kazi gani hiyo, kukaa na mashine kutwa zinapiga piga? Nilisikiliza ule wimbo wako mmoja, nikadhani friji langu limeharibika. Nikaamka nikalipiga teke."

Hata Radojka alitabasamu. Vukan alicheka mpaka akaweka uma chini. "Huo ni wa tatu! Si wewe wa kwanza kusema hivyo, Shangazi. Kuna mchambuzi aliandika, 'Wimbo wa tatu ni harusi ya majokofu, na bwana harusi ameungua waya.' Nilikasirika siku nzima. Halafu nikausikiliza upya. Besi ilikuwa juu mno, kweli. Nikaishusha. Sasa ndio wimbo watu wanaoupenda kuliko zote." Akamgeukia Senka. "Wewe hujawahi kuniambia. Wa tatu au wa tisa?"

Senka alihisi uso unawaka. Wa tatu ulikuwa mzuri, lakini wa tisa ulikuwa kitu kingine kabisa. Wa tisa ulianza na kengele moja ya umeme iliyopotea mahali fulani mbali, ukaongeza mdundo taratibu mpaka mchezaji akajikuta anakimbia bila kujua kwa nini anakimbia. Usiku wa kwanza alipousikia alilia. Aliyajua hayo yote, na alikuwa ameyaandika yote.

"Yote mazuri," akasema.

"Yote mazuri!" Vukan akamwiga, na safari hii kulikuwa na uchungu kidogo ndani ya mzaha. "Mnamwona? Koti langu aliniambia linanifanya nifanane na mpeleka barua. Nywele aliniambia nikate. Ndiyo maana nampenda, hapaki mtu mafuta. Nikija kwenye muziki, yote mazuri. Kweli hata kidogo huna la kusema?"

"Mimi... sijui sana mambo hayo."

Alilisema huku akitazama sahani. Vukan akainua mabega. "Basi. Angalau Sikio Kavu alikuwa na la kusema. Kwa nyimbo kumi na tatu mtu yule alikuwa na haki, nakiri."

Uma wa Radojka ukagonga sahani.

"Jina hilo," akasema taratibu, "lisitajwe mezani kwangu. Leo hasa."

Mshumaa ulicheza. Persida alivuta shali na kwa mara ya kwanza hakulaumu dirisha.

"Samahani, Mama," Vukan akasema.

"Mgeni hajui," Radojka akasema, akamgeukia Senka. "Acha nimwambie, asije akaniona mwanamke mkorofi. Mume wangu, binti, mwaka wake wa mwisho alikuwa kitandani humo chumbani, na mashine ya oksijeni. Ile mashine ilikuwa ina mlio wake. Inavuta, inashusha, inavuta, inashusha. Mimi ilinitia wazimu. Huyu mwanawe akaja siku moja na kinasa sauti, anasema, Baba, mashine hii ina mdundo. Tiho akasema rekodi mwanangu, angalau ilete faida kwa umeme inaokula. Akataka kucheka, akakohoa. Kile kikohozi chake cha mara mbili, kimoja kikubwa, kimoja kidogo nyuma yake. Kikaingia kwenye rekodi. Vukan akakiacha kwenye wimbo. Siku tisa baadaye Tiho alifariki."

Senka alisahau kutafuna.

"Mnaona, sisi hatukuwa na mazoea ya kujirekodi. Sauti yake hatuna. Kwenye video ya harusi yetu anacheza tu, muziki umemfunika. Tulikuwa na kile kikohozi. Halafu huyo mtu akaandika." Radojka hakuhitaji kusoma popote, aliyajua maneno kwa moyo. "'Wimbo wa kumi na moja: mashine inahema dakika nne bila sababu, na katikati mtu anakohoa. Fundi kasahau kusafisha. Uzembe. Uruke, nenda wa kumi na mbili.'"

"Nilisoma asubuhi, kabla gemu haijatoka," Vukan akasema chini chini. "Niliona aibu. Nilidhani ni kweli, nimewawekea watu kikohozi cha nyumbani kwetu kwenye kazi ya kulipwa. Nikakifuta. Nikahifadhi juu ya ile ile ya zamani, hapo hapo kampuni inapochukulia nyimbo. Na kinasa sauti nilikuwa nimeshakisafisha kwa kazi nyingine. Jioni ndipo akili ikanirudia." Akasugua macho. "Kosa ni langu, Mama. Nimekwambia mara ngapi."

"Kosa la kufuta ni lako, na nimekusamehe. Maoni ni maoni, kila mtu ana masikio yake, hata hayo nimeyasamehe. Lakini tulimwandikia." Radojka alinyoosha kidole kimoja, kisha cha pili. "Mara mbili. Watu sita walikuwa wametumiwa ule wimbo ukiwa bado na kikohozi. Watano walijibu siku hiyo hiyo, maskini, wanaomba radhi, wameshafuta kama mkataba ulivyotaka. Wa sita akanyamaza. Mtu wa aina gani ananyamaza?"

Senka alijua ni mtu wa aina gani. Ni mtu aliyepata barua mbili zenye nembo ya kampuni, zikiuliza kama bado ana nakala, akadhani wanamtega kwa kuvunja mkataba, akazima kompyuta kwa woga. Kwa sababu nakala alikuwa nayo. Aliuponda ule wimbo mbele ya dunia nzima, kisha akawa anausikiliza peke yake kila alipokosa usingizi, na sababu hakuweza kuieleza hata yeye mwenyewe. Ulikuwa kwenye simu yake. Simu ilikuwa kwenye mkoba. Mkoba ulikuwa mapajani mwake, chini ya kitambaa cha meza cha Mama Radojka.

Mungu wangu, aliwaza. Mungu wangu, nifanyeje.

Akisema, anampoteza Vukan leo hii, mbele ya shangazi na mshumaa. Asiposema, mwanamke huyu atakufa bila kukisikia tena kile kikohozi, naye Senka ataishi nacho mkobani. Alifungua mdomo.

"Haya," Radojka akasema, akasimama. "Piga, mwanangu. Hata bila kikohozi, mashine ni ile ile."

*

Vukan aliweka spika mbili kabatini, chini ya picha. Wimbo ukaanza.

Inavuta, inashusha. Chini ya mlio ule, besi moja nzito, ya mbali, ikipanda polepole kama maji yanavyopanda ghorofa ya chini. Kwenye gemu, huu ndio wimbo wa chumba ambamo mchezaji anakuta kitanda kitupu na taa inayowaka. Hakuna adui ndani ya chumba hicho, na wachezaji wengi hawakuthubutu kuingia.

Vukan alifumba macho. Persida alikuwa analia waziwazi na leso puani. Radojka alisimama wima kando ya kabati, mkono mmoja umeshika ukingo. Senka aliketi, kidole chake cha shahada kikigonga goti pole pole kufuata mdundo, bila yeye kujua kama kinagonga.

Alikuwa ameusikiliza mara mia, mara mia mbili. Mwili wake uliujua kuliko yeye. Kwa hiyo pale besi ilipotulia na mashine ikavuta kwa nguvu kidogo kuliko kawaida, kidole kikasimama hewani. Pumzi ikasimama. Kope zikashuka, tayari kwa kile kikubwa, na kile kidogo nyuma yake.

Hakikuja. Mashine ikashusha, wimbo ukaendelea, msafi, umetakata.

Senka alipoinua macho alikutana na ya Radojka. Mkono wa mama yule ulikuwa umekaza ukingo wa kabati mpaka vifundo vimekuwa vyeupe. Naye alikuwa amesimamisha pumzi. Pale pale. Na hakuwa anatazama picha ya mumewe. Alikuwa anatazama kile kidole.

Wimbo ulipokwisha Radojka akafuta meza kwa mkono mahali palipokuwa pasafi. "Senka, binti yangu," akasema kwa upole uliomtisha Senka kuliko ukali, "njoo unisaidie kahawa."

*

Jikoni Radojka hakugusa birika. Alirudisha mlango kwa nyuma yake.

"Kwenye wimbo huu," akasema, "mahali kilipokuwa kile kikohozi napajua mimi. Anapajua Vukan. Na wale sita. Tiho mwenyewe hakuishi akausikia. Hata wifi hapajui."

Senka aliegemea sinki.

"Watano walijibu," Radojka akasema. "Wewe ni wa sita."

Angeweza kukana. Hata wakati ule, mlango ukiwa nusu wazi, uongo ulimjia mdomoni tayari umepikwa: kwamba Vukan alimsimulia, kwamba alibahatisha. Alimtazama mwanamke yule, gauni la kijivu, nywele zilizobanwa, midomo inayojizuia kutetemeka, na uongo ukamtoka kichwani.

"Ni mimi, mama," akasema. "Niliandika mimi. Sikujua. Naapa sikujua ni mtu, nilidhani ni uzembe wa fundi. Na barua nilizipata zote mbili. Niliogopa. Nilidhani ni kampuni inanitafuta. Halafu nikamjua Vukan, nikaogopa zaidi. Nimeogopa mpaka nimechoka."

Mkono wa Radojka ulipanda taratibu, na Senka akafumba macho akisubiri kofi. Kofi halikuja.

"Barua ziliuliza kama unayo," Radojka akasema. "Unayo?"

Senka akafungua mkoba. Ilimchukua muda, simu ilimponyoka mara moja ikaanguka kwenye kikapu cha viazi. Alimwekea Radojka spika za waya masikioni kwa mikono yake mwenyewe, kama alivyokuwa akiwawekea wazee dukani kipimo cha presha, akausogeza wimbo mpaka pale. Akabonyeza.

Uso wa Radojka haukubadilika kwanza. Kisha ukabadilika wote kwa pamoja. Akashika ukingo wa meza, akakaa kwenye kigoda bila kukitazama.

"Tena," akasema.

Senka akarudisha. Mama yule aliweka kiganja juu ya mdomo.

"Tena."

Mara ya nne mlango ulisukumwa. "Kahawa mnaipanda kwanza au..." Vukan akaishia hapo. Alimwona mama yake, machozi yanamchuruzika mpaka kwenye kola. Aliona simu, na waya, na uso wa Senka.

Hakuwa mjinga. Senka aliona akili yake ikipiga hesabu, na kila ngazi iliyopanda ilizima kitu ndani ya yale macho ya kahawia.

"Yote mazuri," Vukan akasema polepole. "Sijui sana mambo hayo."

"Vukan..."

"Wiki tano. Nilikwambia wiki tano zilizopita kwamba Mraba ni mimi! Barua ya pili niliiandika mimi mwenyewe, Senka, sentensi kwa sentensi, kampuni waliweka nembo tu. Niliomba. Uliisoma?"

"Niliisoma."

"Ukalala?"

"Sikulala."

"Toka," akasema. Hakupiga kelele, na ingekuwa heri angepiga. "Tafadhali. Toka nyumbani kwetu."

Senka akaokota mkoba. Alikuwa amelisubiri neno hilo wiki tano, na sasa lilipokuja alishangaa kwamba bado amesimama. Akapiga hatua moja.

"Hatoki," Radojka akasema.

"Mama, unajua alichofanya?"

"Nimejua kabla yako." Alikuwa bado ameketi, spika moja sikioni, nyingine inaning'inia kifuani. "Sijamsamehe, usidhani. Lakini nyumba hii ina miaka zaidi ya mia inawasha ule mshumaa, na hajatolewa mtu nje siku ya Đurđic. Babu yako alimlisha mtu aliyemwibia farasi. Unataka kuanza wewe? Kesho ni Jumatatu. Kesho mfukuze mpaka Zrenjanin. Leo ni mgeni, na hajanywa kahawa."

Vukan aligeukia dirisha, akawapa mgongo. Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka. Senka alihesabu vigae vya sakafu.

"Nijibu swali moja," Vukan akasema, bado amewapa mgongo. "Na safari hii usinipake mafuta, maana nitajua. Ungeambiwa uandike leo. Wa kumi na moja. Ungeandika nini?"

Hapo hofu ilimshika Senka kuliko muda wote wa siku ile. Alijua kuna jibu tamu, liko karibu, angelisema na huenda mgongo ule ungegeuka. Na alijua lisingekuwa lake.

"Ningeandika," akasema, "kwamba mwanzo bado ni mrefu. Nusu dakika nzima inaweza kuondoka. Kwamba ile besi imekopwa kutoka wimbo wa tisa na kule inafaa zaidi. Na kwamba wimbo huu bila kikohozi ni mashine tu. Kikohozi ndicho wimbo. Nilikuwa nausikiliza kwa ajili yake, kila siku, na sikuwa na ujasiri wa kukubali. Anayekifuta ni mzembe, na aliyemwambia akifute ni mzembe zaidi."

Radojka alitoa sauti ambayo haikujulikana ni kicheko au kilio. Vukan hakugeuka. Lakini aliunyoosha mkono nyuma, kiganja juu. Senka alichukua sekunde kuelewa kwamba anataka simu.

Alipompa, Vukan akaichomoa ile waya. Akaongeza sauti mpaka mwisho, akaiweka mezani kati ya vikombe. Mashine ikaanza kuhema jikoni, inavuta, inashusha, na wote watatu wakaitazama ile simu, bila mmoja kumwangalia mwenzake. Besi ikatulia. Mashine ikavuta kwa nguvu.

Kimoja kikubwa. Kimoja kidogo nyuma yake.

"Nani anakohoa huko?" Persida akapiga kelele kutoka sebuleni. "Si nilisema mfunge dirisha! Watu hamsi..." Sauti ikakatika. Kiti kikaburuzwa. Kisha tena, na safari hii ilikuwa sauti ya msichana mdogo anayemwita kaka yake gizani. "Radojka? Radojka, nani anakohoa?"

Radojka akanyanyuka, akaichukua simu kwa mikono miwili, akatoka nayo kuelekea sebuleni.

Wakabaki wawili. Vukan aligeuka hatimaye. Macho yalikuwa mekundu, na Senka hakuona ndani yake msamaha, wala hakuona chuki. Aliogopa kutafuta zaidi.

"Kesho nitakufokea," Vukan akasema. "Nitakufokea sana, Senka. Sijui kama nitamaliza."

"Najua."

Vukan alichukua birika, akafungua bomba, akasubiri lijae.

"Basi uje mapema," akasema.